Wanaodharau wapiga picha wa harusi, karibuni hapa: harusi, majukwaa na mitaa ya Dar

Lenzi ya Temeke:
Wakuu, salaam. Wapiga picha wa kujitegemea tukikutana mjini hapa kuna swali huwa halikosekani, tena linaulizwa kwa huruma: "Kumbe bado unapiga harusi?" Kana kwamba umeambiwa mtu bado anakaa kwao.

Mimi bado napiga, na sina mpango wa kuacha. Sina ofisi wala bosi. Wikiendi nyingi ni harusi, usiku mwingine matamasha, na asubuhi nikiamka vizuri naingia mtaani na lenzi moja. Msimamo wangu nautanguliza ili mnibishie vizuri: kati ya kazi hizo tatu, harusi ndiyo ngumu kuliko zote. Aliyeiweza harusi ya Kibongo, jukwaa halimtishi. Wa jukwaani niliowaona wakiletwa kwenye harusi, wengi walitoka jasho.

Anza na ratiba. Kadi inasema ibada saa nane mchana, sherehe saa kumi na mbili jioni. Mwenye mji wake anajua maharusi wakiwahi sana wataingia ukumbini saa mbili na nusu. Hapo katikati kuna saluni iliyochelewa, kuna msafara na matarumbeta, kuna foleni. Na mwanga haumsubiri mtu. Dar iko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua letu linashuka wima. Zile jioni ndefu za dhahabu unazoziona kwenye video za wapiga picha wa Ulaya huku hazipo. Mwanga ukishalainika una nusu saa na ushee, ukizubaa imekula kwako.

Halafu kila bi harusi anataka Coco Beach. Sawa, twende. Lakini bahari yetu iko mashariki. Ukiwasimamisha saa kumi jioni wakiwa wameipa bahari mgongo, jua la magharibi linawapiga usoni moja kwa moja, wote wanakunja ndita. Ukiwageuza, nyuma yao unapata magari na vibanda vya mihogo. Ninachofanya mimi ni kusubiri jua lijifiche nyuma ya majengo ya Oysterbay. Pale ufukweni panaingia kivuli, anga la baharini bado linang'aa, na nyuso zinapata mwanga laini bila kutumia kifaa chochote. Wanaotaka jua linalozama majini nawaambia tuvuke Unguja, Forodhani inatazama magharibi.

Jingine ambalo hutafundishwa kwenye video za wazungu: umetoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kamera yako, joto la Februari nje linakupokea, lenzi inajaa ukungu papo hapo. Unaifuta, inarudi. Maharusi wanashuka, matarumbeta yanalia, wewe unaona maziwa matupu. Zima kiyoyozi dakika kumi kabla ya kufika au panda na kamera ikiwa ndani ya begi lililofungwa.

Naendelea chini, ngoja nimalize kuediti kitu cha watu.

Kasuku wa Vingunguti:
Nimevuta kiti. Tiririka mkuu.

Chumvi Nyingi:
Siku hizi simu inatosha, mnajikweza bure. Shemeji yangu kaoa mwaka jana, picha zote za simu na zimetoka kali.

Lenzi ya Temeke:
Chumvi Nyingi, wala sibishi kwamba simu za sasa zinatoa picha nzuri. Nenda nayo ukumbini saa tatu usiku, taa za mapambo zambarau, bwana harusi mweusi kama mimi, suti nyeusi, pembeni yake shela jeupe linalojaza nusu ya picha. Mashine nyingi, hata za bei kubwa, zikiachiwa ziamue zenyewe zitaona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Shela linatoka safi, bwana harusi anabaki macho na meno. Pima mwanga usoni, shela ulilinde kwa kupiga RAW (faili ghafi la kamera), ndiyo maana mtu analipwa.

Na mambo ya ngozi hayaishii hapo. Kuna pauda wapambaji wanaipenda, ile nyeupe ya mwisho inayozuia kung'aa. Kwa macho huioni. Piga flashi uso kwa uso, bi harusi anatoka kama aliyejimwagia unga. Kwa hiyo mimi huwa nafika saluni mapema, napiga flashi moja ya majaribio, namwonesha mpambaji kwenye kioo cha kamera bila maneno mengi. Anaelewa mwenyewe. Wale wanaosema "nifanye mweupe kidogo" kwenye kuediti nawaambia rangi ya shingo nitaipeleka wapi? Tunacheka yanaisha. Mama mmoja aliwahi kunijibu "na shingo nayo ifanye" 😂

Kanisani, padri au mchungaji ndiye mwenye nyumba. Kabla ya ibada naenda sakristia, naamkia, nauliza mpaka wapi ni ruksa kukanyaga na kama flashi inaruhusiwa. Wengi hawataki flashi wakati wa viapo, na hawataki mtu apite mbele ya altare. Nikishaambiwa, nachagua sehemu moja naganda.

Msikitini au nyumbani kwa mkeka ni kasi nyingine kabisa. Hotuba inaweza kwenda muda mrefu, kisha ghafla walii na bwana harusi wanashikana mikono, tamko linatolewa, jibu linatoka, imeisha. Ni sekunde. Na wakati huohuo wajomba wanne wamesimama na simu zao kati yako na ile mikono. Mimi huwa nakaa chini, miguu nimekunja, karibu na shehe upande wa bwana harusi, tangu mapema kabla watu hawajajaa. Aliyekaa hafukuzwi. Anayesukuma akiwa amesimama ndiye huambiwa "kijana, kaa".

Binti Makadara:
Mie niko Mombasa, na napiga harusi za wanawake pekee. Naomba niongeze hapo kwa ndugu yangu. Huku kwetu shughuli kubwa ya bi harusi ni ya kina mama, usiku wa kupamba. Wanaume hawaingii, awe mpiga picha au mpiga kinanda. Watu wamevua mabuibui, wamejifukiza udi, nywele ziko nje, dhahabu imetoka sandukuni. Mlangoni simu zinakusanywa siku hizi, ama zinabandikwa kibandiko kwenye kamera. Yaani picha zote za usiku ule ziko kwangu mie peke yangu.

Sasa hiyo ni amana, si kazi ya kawaida. Siwezi kumpa kijana wa kiume aniedithie picha. Siwezi kupeleka duka la kusafisha picha ambalo mashine anaiendesha mwanamume. Na siweki hata moja mtandaoni, kwa hiyo wateja wangu wote wanakuja kwa kuambiana. Ukiniuliza sampuli, nakuonesha viganja vya mikono na hina, nakuonesha mapambo, basi. Kuna wasichana wananiuliza soko liko wapi. Soko ndilo hili, na wapigaji wanawake wenye kuaminika ni wachache kuliko harusi.

Lenzi ya Temeke:
Dada Binti Makadara ahsante sana, hilo somo nisingeweza kulileta mimi. Dar nako ni hivyohivyo kwenye singo na shughuli nyingi za uswahilini, na kwenye kitchen party mara nyingi wanataka mwanamke.

Tuje kwenye kamati, maana maswali ya inbox yote ni pesa. Kamati ya harusi ikikaa, inaanza ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, MC. Picha inafika mwisho, na michango imeshagota. Hapo ndipo utaambiwa "tuna laki mbili na nusu, picha za mnato na video, na albamu". Usikasirike. Waulize wanataka nini kitoke kwenye hiyo orodha.

Kubwa zaidi: malizia malipo yako kabla ya siku ya vunja kamati. Harusi ikipita, kamati inakaa mara ya mwisho, inafunga hesabu, wanakula, wanaagana. Baada ya hapo deni lako halina mwenyewe. Mweka hazina atakwambia muulize mwenyekiti, mwenyekiti atakwambia kamati ilishavunjwa, na bwana harusi yuko fungate na hata hajui mlikubaliana ngapi. Nusu wakati wa kushika tarehe, iliyobaki wiki ya harusi, maandishi yawepo hata kama ni ukurasa mmoja wenye sahihi mbili.

Ukumbini kuna watu wawili wa kuelewana nao mapema: MC na mtu wa video. MC akiharakisha keki, huna keki. Yule wa video ana ile taa yake kubwa ambayo akiiwasha usoni kwa watu inafuta kila kivuli. Namwambia aiweke pembeni kidogo, mimi nisipite mbele yake wakati wa maharusi kuingia. Wengi ni waungwana ukiwafuata kabla. Ukiwafuata katikati ya shughuli, ni ugomvi.

Picha za ukoo nazo zina mtu wake. Tafuta shangazi mwenye sauti. Kila ukoo anaye mmoja. Mpe kazi: "Shangazi, niitie upande wa mama mzaa bwana harusi wote." Atawaita hadi walioko chooni, na atajua nani hasimami karibu na nani. Vijana wa kazi hii wanaziona picha hizo za mistari kama adhabu, wanataka zile za mapozi. Nawaambia simu ninazopigiwa miaka baada ya harusi, nyingi si za maharusi. "Kaka, ile picha ya babu akiwa amesimama na wajukuu bado unayo? Tunataka kuikata tuweke kwenye ratiba ya mazishi." Mara nyingi ndiyo picha pekee mzee aliyopigwa akiwa amevaa suti, amechana nywele, uso uko wazi. Kwa hiyo mimi kila mzee anayefika pale namtenga sekunde chache, namwamkia, nampiga peke yake. Hakuna aliyenituma, hailipwi, na sitaacha.

Mgeni Njia:
Mkuu hapo kwa babu umenigusa, lakini kwenye hoja yako kuu nakupinga. Mimi ni wa matamasha. Harusini keki ikikupita unamwomba MC warudie. Jukwaani nani atarudia? Tena mnapewa nyimbo tatu za mwanzo, flashi marufuku, mnafukuzwa mbele ya jukwaa, na picha zinatakiwa mtandaoni kabla msanii hajashuka.

Lenzi ya Temeke:
Mgeni Njia karibu, nilikuwa nakusubiri. Tamko la ndoa nalo halirudiwi, na pale mbele ya shehe huna nyimbo tatu. Ila nakubali jukwaa lina mambo yake.

Kwanza taa. Hizi LED nyekundu na bluu zinaua sura: mwanga ni wa rangi moja tupu, uso unakuwa bonge la wekundu lisilo na pua wala mdomo, na hakuna kuediti kutakakourudisha. Usimwage risasi. Sikiliza wimbo, taa zinafuata mdundo, kiitikio mara nyingi kinaleta nyeupe au njano. Hapo ndipo unabonyeza. Kwa wanenguaji napandisha kasi ya shata hadi 1/500 ya sekunde, kwa mwimbaji aliyesimama 1/250 inatosha, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200 au 6400, lenzi f/2.8, yaani yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga. Asiye na f/2.8 achukue 50mm ya f/1.8, ni miongoni mwa lenzi za bei rahisi na itamtoa. Wenye kamera zisizo na kioo (mirrorless), msitumie shata ya kimyakimya, ile ya kielektroniki, chini ya LED, mtarudi na mistari ya giza picha nzima. Na mionzi ya leza ikiwa inazungushwa kuelekea kwa watu, shusha kamera. Leza ikigonga sensa vizuri inaichoma, unabaki na doa la kudumu, na waandaaji hawatakulipa.

Mwimbaji ukimkabili mbele, maiki inamla mdomo. Angalia anashika kwa mkono gani, hamia upande mwingine.

Bongo Fleva ya kufuatisha muziki wa diski, msanii anakimbia jukwaa zima na wanenguaji wake, unahitaji miguu. Bendi ni subira: mpiga solo ana uso wake kila akifika juu, mpiga ngoma anatoa ulimi, ukimsoma mara mbili ya tatu unampata. Taarabu mimi naipa jukwaa mgongo. Mwimbaji amekaa au amesimama palepale usiku mzima, shughuli yote iko kwa kina mama wanaokuja kumtuza. Anakuja na noti juu, anacheza taratibu, anatazama upande wa yule anayempelekea ule mstari, wote ukumbini wanajua ni nani isipokuwa wewe. Piga hiyo!

Tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Unguja, linalofanyika Februari tangu 2004, nalo lina raha yake kwa sababu ya Ngome Kongwe. Ukifika jua halijazama, unapata zile kuta za mawe nyuma ya msanii, kitu ambacho taa za jukwaani zikishawaka zinakimeza.

Mgeni Njia:
Hujanishawishi bado, ila hiyo ya taarabu umesema kweli tupu.

Mzee wa Negativu:
Vijana mnasema "kujitegemea" kana kwamba kimezaliwa jana. Mpiga picha Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar mwaka 1963, hajafika hata miaka 21. Mwaka uliofuata alikuwa Zanzibar na kamera kwenye mapinduzi, na 1984 ndiye aliyepiga zile picha za njaa ya Ethiopia zilizoitikisa dunia. Alifariki 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Na mkienda Mji Mkongwe, Capital Art Studio ya familia ya Oza ilifunguliwa 1930. Wale walipiga masultani na wakapiga harusi za watu wa kawaida pia, hawakuona aibu.

Sisi roli moja ya filamu ilikuwa picha 36. Harusi nzima roli tatu, nne ukiwa na tajiri. Mtu unahesabu moyoni, unajua umebakiza ngapi na keki bado. Nyie mnapiga elfu tatu halafu mnalalamika kuediti.

Lenzi ya Temeke:
Mzee shikamoo. Hilo la elfu tatu nimelipokea bila kujitetea 😂

Nimalizie mtaani. Mtaani hakuna anayekulipa, na ndiko ninakopumulia. Alfajiri naenda soko la samaki la Feri. Jua linatoka upande wa bahari, linaingia chini chini, na kwenye majiko ya kukaangia kuna moshi wa kuni muda wote. Kile kijua kikipita kwenye moshi, mkaangaji akiwa amenyanyua chujio lake na mafuta yanachuruzika, huhitaji kufanya kitu. Lakini usianze na kamera. Anza na salamu, nunua changu wa kukaanga na limao, ule umesimama pale pale. Ukimaliza kula umeshakuwa mtu wa pale. Wenye mnada wanapiga kelele zao, hawana habari na wewe.

Kariakoo ni tofauti, pale kila mtu yuko kazini na kamera kubwa wanaisoma kama mtu wa manispaa au mwandishi anayekuja kuwachafulia. "Unanipiga ya nini? Nilipe." Wana haki. Mimi naenda na lenzi ndogo ya 35mm, kamera naionesha wazi, siibi picha ya mtu kwa mbali. Akikataa nafuta mbele yake. Wachukuzi wa mizigo ukiwaletea picha zao zilizosafishwa wiki inayofuata, siku ya tatu wanakuita wenyewe kwa jina.

Tahadhari: vivuko, stesheni, bandari, benki na chochote kinachonusa ulinzi, walinzi wanaweza kukusimamisha. Uliza kwanza. Na droni usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, hata kama bwana harusi ni rafiki yako na anasema "nitaongea nao".

Kasuku wa Vingunguti:
Mkuu, na picha zako zikichukuliwa? Kuna kampuni iliweka picha yangu ya tamasha kwenye bango la barabarani, nimepita na daladala nikaiona. Nimewapigia wananiambia waliitoa mtandaoni kwa hiyo ni ya wote.

Lenzi ya Temeke:
Si ya wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha tangu unapoipiga, hata hujaisajili popote. Tunza faili la RAW, ndilo ushahidi wako mkubwa, wao hawana. Piga picha lile bango likiwa na barabara inayoonekana, waandikie barua yenye bei, siyo matusi. Wakikaa kimya nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na tafuta wakili. Bei uliyowaandikia isiwe ile ambayo ungewatoza wangekuomba.

Chumvi Nyingi:
Haya bwana, umenishinda kwa hoja. Nataka kuanza, nina milioni moja na nusu. Ninunue nini?

Lenzi ya Temeke:
Karibu chamani 😂 Usinunue mpya. Tafuta kamera iliyotumika yenye nafasi mbili za memori kadi, iandike picha zote kwenye kadi zote mbili, maana harusi ya mtu haiwezi kukaa kwenye kadi moja. Nikon D750 inayo hiyo, ni ya mwaka 2014 na bado inapiga mzigo. Kwa pesa yako utahangaika kuipata ikiwa safi, lakini zunguka. Omba uoneshwe idadi ya mibonyezo ya shata. Funga lenzi tundu dogo kabisa, piga ukuta mweupe, uangalie madoa ya sensa. Kisha lenzi yenyewe ichungulie kwa tochi ya simu kutokea nyuma: ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, iache hata wakikupa nusu bei. Pwani hii inazaliana haraka.

Baada ya hapo 50mm f/1.8 na flashi moja ya Godox.

Binti Makadara:
Na ukishanunua usiiweke ndani ya begi kabatini, hapo ndipo fangasi inapoanza. Nunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, tia silika ya kutosha (punje za kunyonya unyevu), ile inayobadilika rangi ikishiba maji. Ikigeuka, ikaange kwa moto mdogo kwenye sufuria ambayo hupikii tena, ikaukie, rudisha.

Chumvi Nyingi:
Dada hiyo silika Dar naipata wapi?

Binti Makadara:
Mie ya Dar sijui, Lenzi atakwambia. Huku naagizia duka la kemikali, kwa kilo. Hizo pakiti ndogo za kwenye viatu hazitoshi.